Uchambuzi wa kisa: Pikapu ya dagaa iliyoondolewa kwenye magurudumu manne ya kudumu

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji ninayofanyia kazi Mwanza. Jina la mwenye gari, la dereva, la mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) na namba za gari nimeyaacha. Nakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na wenye magari ya zamani, kwa sababu ombi lililoletwa kwetu, la kutaka gari linalosukuma magurudumu manne muda wote lisukume mawili ili linywe mafuta kidogo, huletwa kila mara, na tulilijibu vibaya.

Gari na njia yake

Ni Land Rover 110 pikapu ya katikati ya miaka ya 1990, injini ya dizeli ya 300Tdi yenye lita 2.5. Lilinunuliwa mnadani likiwa limeshatumikia mradi kwa miaka mingi. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara wa dagaa. Kazi ya gari ni kutoa magunia kwenye mwalo mmoja upande wa Magu na kuyafikisha soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Safari ni kama kilomita 60 za lami, barabara ya Musoma kupita Nyanguge na Kisesa, na kabla ya kuipata lami kuna kilomita 14 za udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa zinazomeza mguu. Masika hushika tairi kama ulimbo. Kwenye ule mwalo wa kupakilia kuna mteremko wa mchanga na mawe unaoishia majini.

Ratiba ya gari inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti tena, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, na ndipo gari linapopata siku chache za kuingia gereji. Kila uamuzi nitakaoueleza ulibanwa na siku hizo chache.

Kwa asiyelijua gari hili: halina tu-wili, yaani hali ya kusukuma magurudumu mawili tu. Gia boksi inapeleka nguvu kwenye transfa, boksi la pili la gia, na ndani ya transfa kuna difu ya kati inayogawa nguvu kwa propela (mhimili unaozunguka chini ya gari) ya mbele na ya nyuma muda wote. Difu hiyo ipo kwa sababu gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Bila yake, kwenye lami kavu vyuma vingejisokota na tairi zingekwanguka. Kwenye tope unasukuma kijiti kifupi cha transfa kushoto, difu ya kati inafungwa, propela mbili zinazunguka kama kitu kimoja, na taa ya rangi ya machungwa inawaka kwenye dashibodi.

Jambo jingine ambalo naomba msomaji alishike mapema: hendibreki ya gari hili haishiki gurudumu lolote. Ni ngoma moja iliyo nyuma ya transfa, inayoshika propela ya nyuma.

Malalamiko yalivyoletwa

Mama alikuja na dereva wake. Alikuwa ameshaamua. “Fundi, hili gari linakunywa kama ng’ombe aliyetoka machungani. Nimeambiwa ni kwa sababu linasukuma nne hata kwenye lami. Nifanyieni lisukume mbili, nne ziwe za tope tu.”

Dereva aliongeza la kwake: ukiachia klachi au ukikanyaga mafuta ghafla, panasikika kishindo chini ya kiti, kama mtu kapiga chesesi kwa nyundo.

Tulilipandisha gari kwenye jeki, tukashika propela ya mbele na kuitikisa kwa mkono. Ilizunguka bure nafasi kubwa mno kabla ya kugusa kitu. Krosi, yaani viungo vya propela, zilikuwa nzima. Uchezaji ulikuwa ndani ya transfa, kwenye difu ya kati. Tulipojaribu kusukuma kijiti kushoto, hakikwenda. Viungio vyake vilikuwa vimeshikwa na kutu, na dereva alikiri kwamba tangu akabidhiwe gari, zaidi ya miaka minne, hajawahi kukitumia. Akikwama kwenye mbuga alikuwa anakanyaga mafuta mpaka gari litoke au mpaka vijana waje kusukuma.

Hapo palikuwa na maelezo yote ya kishindo, na tulipapita haraka. Difu ya kati ikiwa wazi na gurudumu moja likazunguka bure kwenye tope, gia ndogo zilizo ndani yake zinazunguka kwa kasi kubwa juu ya pini yake, oili inatupwa nje, washa (pete bapa za chuma) zinaungua, pini inalika. Kijiti kilichoganda ndicho kilichokuwa kimeila difu.

Njia tatu zilizokuwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kufungua transfa, kubadilisha pini na washa za difu ya kati, kulainisha kijiti, na kuliacha gari likiwa la nne za kudumu.

Ya pili ilikuwa kuitoa difu ya kati na kuweka mahali pake kipande kigumu. Kwa kipande hicho nguvu huenda nyuma moja kwa moja, na kijiti kile kile sasa kinaunga au kukata propela ya mbele. Ukiongeza habu (vitovu vya gurudumu) za kufunga na kufungua kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, mbele yote inalala kabisa gari likiwa lamini. Haya ndiyo mageuzi yenyewe. Spea zake zinaagizwa nje, na bei ilikaribia ya kuifumua transfa nzima.

Ya tatu ni ile inayopendwa mitaani: unanunua hizo habu za mkono tu, unafunga difu ya kati moja kwa moja kwa kijiti, basi. Habu zikiwa wazi gari linasukuma nyuma peke yake. Ukifika kwenye tope unashuka, unageuza kitufe kila upande, unapata nne. Kazi ya siku moja.

Tulichagua ya tatu. Mbalamwezi ilikuwa imebakiza siku nne na spea za njia ya pili zisingefika. Difu iliyolika ikifungwa, uchezaji wake hausikiki tena, kwa hiyo kishindo kingenyamaza bila kuifungua transfa. Mama naye alikuwa na fedha ya habu, hakuwa na fedha ya transfa. Nilikubali mimi mwenyewe, nikiwa msimamizi wa kazi. Nilijua kwamba uokoaji wa mafuta ungekuwa mdogo. Sikumwambia waziwazi ungekuwa mdogo kiasi gani.

Tulilainisha kijiti kwa mafuta ya kupenyeza, tukakifunga upande wa kushoto, tukaweka habu. Dereva tulimpa maagizo mawili: “Kijiti usikiguse tena. Tope likizidi, shuka ufunge habu.” Taa ya machungwa ilibaki inawaka mchana na usiku.

Miezi mitatu ya mwanzo

Dereva alifurahi. Usukani ulikuwa mwepesi, kishindo kilikuwa kimekwisha. Mama naye aliridhika kwa wiki kadhaa, mpaka alipopiga hesabu ya dizeli.

Nilikuwa nimepima kabla ya kazi: kujaza tangi mpaka shingoni kwenye pampu ile ile, safari tatu za kwenda tupu na kurudi na mzigo. Lilikuwa kilomita 7.6 kwa lita. Baada ya habu, kwa kipimo kile kile, likawa 7.7. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya upepo au ya foleni ya Kisesa.

Sababu si ya kutafuta mbali. Difu ya kati ikifungwa, propela ya mbele imeungwa na ya nyuma. Nyuma ikizunguka, mbele inazunguka. Propela ya mbele inazunguka, pinioni na krauni ya difu ya mbele zinakoroga oili yake nzito, saidi shafti (mihimili ya kutoka difu kwenda gurudumu) zinazunguka, sivijointi (viungo vinavyoruhusu gurudumu kukata kona huku likisukumwa) zinazunguka, mpaka mwisho kabisa kwenye habu, ambako kitu pekee kilichokatwa ni mguso wa mwisho na gurudumu. Vyuma vyote vilivyokuwa vikila mafuta bado vinakula. Fundi anayemwambia mteja kwamba habu pekee zitampunguzia dizeli kwenye gari hili anamwambia jambo lisilokuwepo.

Tulilirudisha gari ndani kutafuta mafuta yanaenda wapi. Breki ya mbele kulia ilikuwa haiachii, pistoni zake zimeganda kwa kutu, na rimu ilikuwa ya moto kushikwa baada ya kilomita tano. Tairi mbili za mbele zilikuwa na upepo pungufu. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi la mbuga, ukikipiga chini kinaacha chungu ya unga mweusi. Tukatengeneza vyote. Kipimo kilichofuata kilikuwa 8.5. Faida yote aliyoitafuta mama ilikuwa kwenye breki, upepo na kichujio, na ingepatikana siku ya kwanza.

Kulikuwa na dalili moja ambayo hatukuipa uzito. Asubuhi moja ya mvua, gari likiwa tupu linateremka kuelekea Nyanguge, dereva alipoachia mafuta nyuma ilitaka kutangulia mbele. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Zamani kazi ya injini kulizuia gari iligawanywa kwa magurudumu manne. Sasa yote ilikuwa kwenye mawili mepesi. Alinyoosha, akaendelea, akatusimulia kama hadithi ya barabarani.

Siku ya mteremko

Ilikuwa masika. Gari lilikuwa limepakia, linatoka mwaloni kupanda ule mteremko kwa transfa ndogo (gia za chini za transfa), gia ya kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha. Kufunga habu kulimtaka dereva ashuke, apige magoti kwenye tope pande zote mbili, asafishe vitufe kwa kidole ndipo avigeuze. Hakushuka. Nyuma ilizunguka, ikashika jiwe, ikazunguka, ikashika tena, kisha kikasikika kitu kukatika na gari likaacha kupanda wakati injini inanguruma.

Saidi shafti moja ya nyuma ilikuwa imekatika karibu na meno yanayoingia kwenye difu.

Dereva alishika breki ya mguu, akamwita utingo aweke jiwe nyuma ya tairi, akavuta hendibreki, akaacha gari kwenye gia, akashuka kutazama. Jiwe lilikaa kwa muda wa mtu kuzunguka gari mara moja. Kisha lilizama kwenye mchanga uliolowa, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea ziwani, hendibreki imevutwa mpaka juu, ndani hamna mtu. Lilikwenda hatua kama kumi likagonga tezi la mtumbwi uliokuwa umevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Mbao mbili zilivunjika. Mwenye mtumbwi alikuwa ametoka hapo muda mfupi kwenda kunywa chai, na kila nikifika hapo kwenye kusimulia moyo unanipiga.

Wakiwa bado wanatetemeka, walifunga habu. Gari likapanda kwa magurudumu ya mbele. Juu, dereva alijaribu hendibreki tena, na safari hii ikashika. Alitupigia simu hajauliza habari ya shafti. Aliuliza, “Fundi, kwa nini sasa inashika?”

Kwa nini ilishika mara ya pili

Difu ya nyuma ya gari hili ni ya kawaida, si ya kufungwa. Shafti ya upande mmoja ikikatika, difu inamwaga nguvu yote upande uliokatika. Kuendesha hakuwezekani, na kushika vilevile hakuwezekani: hendibreki inaishika propela imara kabisa, lakini gurudumu zima linazunguka litakavyo kwa kuwa mwenzake wa upande wa pili ndani ya difu hana kinachomzuia. Gia nayo inapitia propela ile ile, kwa hiyo haikusaidia. Habu za mbele zikiwa wazi, ngoma ile haina gurudumu hata moja inalolishika. Zilipofungwa, propela ya mbele, ambayo tayari ilikuwa imeungwa na ya nyuma, ikapata magurudumu mawili ya kuyashika.

Niwe wa haki kwa mageuzi yenyewe. Hata gari likiwa la asili, difu ya kati ikiwa wazi, shafti ikikatika vile hendibreki peke yake isingelizuia. Tofauti ni mahali dawa ilipo. Kwenye gari la asili dawa ni kijiti kilicho kando ya goti la dereva. Anakisukuma, magurudumu ya mbele yanaingia kazini, anashikwa hapo hapo. Sisi tuliihamisha dawa ile kutoka ndani ya kabini tukaiweka nje, kwenye tope, chini ya magoti, na hatukumwambia kwamba tumeihamisha.

Shafti yenyewe nayo haikukatika kwa bahati. Transfa ndogo inazidisha nguvu mara 3.32, wakati ile ya juu huzidisha 1.41. Kupanda kwa gia ya kwanza ya chini, mzigo umejaa, nguvu yote ikiwa nyuma pekee, kila shafti ya nyuma inabeba nusu ya yote. Nne zikifanya kazi, mbele inachukua sehemu yake. Zaidi ya shafti kusokotwa, gurudumu lilikuwa linazunguka bure kisha linashika jiwe ghafla. Chuma kilichotumika miaka mingi hakivumilii mapigo ya namna hiyo.

Tulichofanya baadaye

Mama alilipa mbao za mtumbwi, nasi tulichangia, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yetu. Mbalamwezi iliyofuata gari liliingia kwa njia ya kwanza, ile tuliyoiruka: transfa ilishushwa, pini na washa za difu ya kati zikawekwa mpya, viungio vya kijiti vikavuliwa, vikapigwa msasa na kupakwa grisi. Meno ya shafti inayotoka gia boksi kuingia transfa tuliyakagua pia, maana kwenye magari haya hukaukiwa oili yakalika, nayo hutoa kishindo kinachofanana na cha difu. Yalikuwa yanafaa. Saidi shafti za nyuma tulibadilisha zote mbili, kwa kuwa iliyobaki ilikuwa imepitia maisha yale yale. Habu za mkono tulizivua, tukarudisha flanji za asili.

Nilimweleza mama kwa nini simshauri njia ya pili, ingawa ndiyo mageuzi ya kweli. Kwa mtu ambaye gari lake liko lamini siku zote na anaingia tope mara mbili kwa mwaka, nisingemkataza: mbele inalala kweli, sivijointi zinapumzika, kuna mafuta kidogo yanayookolewa. Hata hapo ningemtaka afunge habu na kwenda kilomita kadhaa kila mwezi, kwa sababu sivijointi isipozunguka, oili hairuki kufika beringi ya juu ya boli la usukani (tufe linalobeba gurudumu la mbele likikata kona), na beringi inakauka. Lakini gari linalokutana na mbuga na mteremko kila safari, likiwa na mzigo upande mmoja wa njia na tupu upande wa pili, limetengenezewa nne za kudumu. Alisikiliza, akauliza bei, akakubali.

Kilichonisumbua zaidi ni yale maagizo mawili. Tulimpa dereva amri bila sababu. Angejua kwamba kufunga habu na kurudisha kijiti kulia kunalirudisha gari kuwa kama lilivyotoka kiwandani, angeweza kufanya hivyo siku ya kwanza ya masika akaliacha hivyo mpaka kiangazi, kishindo kikimkera lakini gari likiwa salama. Uzuri pekee wa njia ya tatu ni huo, kwamba inarudishwa kwa mkono kwa dakika mbili, na ndio tuliomficha kwa neno “usikiguse”.

Safari hii tulikaa naye chini ya gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yote hewani. Nilimwambia ashike propela ya mbele, mwenzangu avute hendibreki, kisha mwenzangu asukume kijiti kushoto na kulia, dereva aone kwa mkono wake kinachoshikwa na kisichoshikwa. Alirudia mara tatu bila kuambiwa. Tulikubaliana pia kwamba kila akiacha lami anasukuma kijiti kushoto hata kama udongo ni mkavu, mita mia chache, kisha anakirudisha, ili viungio visigande tena. Na ndani ya kabini sasa kuna magogo mawili ya mninga yaliyochongwa kabari, ya kuwekwa nyuma ya tairi. Mawe ya mwaloni hayaaminiki.

Gari limeshapita vipindi sita vya giza tangu hapo. Kipimo cha mwisho kilikuwa kilomita 8.4 kwa lita, nne zote zikisukuma. Kishindo hakijarudi. Sili ya boli la mbele kushoto imeanza kutoa jasho la oili. Tutaifungua mbalamwezi ijayo.